Barua Zinazojifanya Ankara

Kila ofisi ina namna yake ya kupanga karatasi zinazokuja kwa posta. Za salamu huwekwa upande huu, za maulizo upande ule, na zile zenye tarakimu chini pamoja na maneno "lipa kabla ya tarehe fulani" hupelekwa moja kwa moja kwa mshika fedha. Habari tunayotaka kuwaeleza wanachama katika toleo hili ni ya barua iliyotungwa makusudi iingie katika fungu hilo la tatu, na hali haistahili kuwamo.

Barua hizo huwaendea watu, maduka na vyama vyenye tovuti katika intaneti. Zimeenea zaidi Marekani, Canada, Uingereza na Australia, na huko zimekuwa zikizunguka kwa zaidi ya miaka 20. Twaziandika hapa kwa kuwa wauzaji wa viungo, na wenye mashamba ya kutembeza wageni, nao siku hizi wana tovuti zao, na majina ya tovuti hizo mengi huishia kwa .com na yamesajiliwa nje. Tena wako waliosajiliwa na jamaa walio Uingereza au Canada, kwa anwani za huko. Barua ikija itamfikia jamaa huyo, naye kwa kupenda kutusaidia atailipa mara moja, kisha atupigie simu kutupa habari njema.

Kwanza tuelezane jina la tovuti ni kitu gani. Jina hilo, ambalo wataalamu huliita kikoa, si mali unayonunua mara moja ukaitia sandukuni. Ni kitu cha kukodi. Mtu hulipa kwa mwaka mmoja au zaidi, na kwa majina ya .com mwisho ni miaka 10. Muda ukikaribia kwisha hulipia tena. Anayepokea malipo ni msajili, yaani kampuni iliyoidhinishwa kuandikisha majina. Juu ya wasajili yuko mwenye daftari kuu. Daftari la .com lashikwa na kampuni ya Verisign ya Marekani, na kila msajili huilipa kampuni hiyo ada ya jumla kwa kila jina. Kuanzia Septemba 2024 ada hiyo ilikuwa dola 10.26 kwa mwaka. Mwanachama aikumbuke tarakimu hii, maana tutairudia.

Hapo mwanzo mambo hayakuwa na msajili huyu na yule. Hata mwaka 1999 kampuni moja tu, Network Solutions, ndiyo iliyokuwa ikiandikisha majina ya .com. Tangu 1995 ilitoza dola 100 kwa miaka miwili ya kwanza, na mwaka 1998 ikashusha hata dola 70. Kisha mlango ukafunguliwa. Shirika la ICANN, lililoundwa mwaka 1998 huko California kusimamia majina haya, likaanza kuidhinisha wasajili wengine, na mwenye jina akapata haki ya kumwacha msajili mmoja akahamia kwa mwingine mwenye bei nafuu. Lilikuwa jambo jema, na sisi wakulima twajua faida ya kuwa na mnunuzi zaidi ya mmoja. Lakini haki ya kuhama ilipopatikana, wakatokea pia watu waliofikiri namna ya kumhamisha mtu bila ya yeye kutambua kwamba anahama.

Barua waliyoibuni yafaa tuieleze kwa urefu, maana sura yake ndiyo biashara yao yote. Iliyojulikana kuliko zote ilitoka kwa kampuni iliyojiita Domain Registry of America. Walikuwako pia Domain Registry of Canada, Domain Registry of Europe na Domain Renewal Group. Tazama majina hayo yalivyochaguliwa: mtu akiyasikia atadhani ni idara ya serikali, au walau ofisi kuu ya daftari, wakati ni kampuni ya biashara tu. Barua ya Marekani ilikuwa na nembo yenye rangi za bendera ya nchi ile, na bahasha yake ilifanana na zile za kodi. Ndani yake jina la tovuti yako limeandikwa sawasawa bila kukosea herufi. Tarehe ya kwisha muda imeandikwa, nayo ni ya kweli. Pameorodheshwa bei za mwaka mmoja, za miaka miwili na za miaka mitano, na ile ya miaka mingi imepambwa ionekane ndiyo yenye nafuu. Chini kuna kipande cha kukata na kurudisha pamoja na malipo, na bahasha ya majibu imekwisha tiwa anwani. Barua hufika miezi kadhaa kabla ya tarehe, kusudi imtangulie msajili wa kweli.

Bei ilikuwa kiasi cha dola 30 hadi 45 kwa mwaka mmoja. Sasa mwanachama airudie ile ada ya jumla tuliyoitaja.

Watu wengi huuliza, hawa wageni waliijuaje tarehe yangu na anwani yangu? Hawakuiba. Palikuwa na daftari la wazi liitwalo WHOIS, ambalo mtu yeyote duniani aliweza kulifungua akaona jina fulani ni la nani, anakaa wapi, simu yake ni ipi, na muda wake unakwisha lini. Nia ya daftari hilo ilikuwa njema, ili tovuti ikileta tatizo mwenyewe apatikane. Wenye barua wakalisoma kwa mashine, jina baada ya jina, wakapata orodha ya kupelekea.

Na sasa tufike penye kiini cha jambo. Katika barua hiyo, mahali pasipovuta jicho, mna mstari unaosema kwamba hii si ankara, na kwamba huna wajibu wa kulipa illa ukikubali toleo hili. Mstari huo hawakuuweka kwa ukarimu. Sheria ya posta ya Marekani inakataza kumpelekea mtu kwa posta kitu chenye sura ya ankara iwapo hakidai deni la kweli, mpaka kiandikwe maneno ya kuonyesha kuwa ni matangazo tu. Basi wakaandika. Na mahali pengine, katikati ya maneno marefu ya kusifu huduma, mna maelezo kwamba ukijibu utakuwa umekubali kuhamisha jina lako kwao kutoka kwa msajili uliye naye.

Kwa hiyo ukilisoma neno moja moja, yote ni kweli. Jina ni lako. Tarehe ni sahihi. Ni kweli usipolipia jina litakupotea. Ni kweli kuwa hii si ankara. Mwanachama aliyewahi kupokea gunia lililopambwa mdomoni kwa karafuu safi, na makonyo yakajazwa chini, atatufahamu upesi: kila punje ya juu ni karafuu halisi, na gunia zima ni hila. Ndiyo sababu hatukubaliani na wale wanaosema kwamba aliyedanganyika ni mzembe wa kusoma. Barua imepangwa ili isisomwe. Ingekuwa nia yao ni kumwambia mtu "njoo kwetu, acha msajili wako," wangeliandika hivyo juu kabisa kwa herufi kubwa, kama afanyavyo kila mfanyabiashara mwenye bei ya kujivunia.

Visiwani kwetu karatasi yenye jina hili juu na mambo mengine chini si ngeni. Wazee walichukua fedha za msimu kwa hati za bei khiyari, ambazo kwa maneno yake zilikuwa mauzo yenye sharti la kukomboa, na kwa fikira zao zilikuwa mkopo tu. Madeni yakazidi hata mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuzuia mashamba yasihamishwe ovyo kwa ajili ya madeni. Dola 40 za jina la tovuti si shamba, twakubali. Ila aliyekulia katika nyumba iliyopoteza mikarafuu kwa hati ya namna ile hahitaji kuelezwa mara mbili habari ya maneno madogo.

Barua hizi hupata mawindo zaidi katika vyama na makampuni kuliko kwa mtu mmoja mmoja, na sababu yake ni hii. Katika nyumba ya mtu mmoja, aliyesajili jina ndiye anayefungua barua. Katika chama, jina alilisajili kijana aliyetengeneza tovuti, pengine miaka minne iliyopita, na sasa yuko Dar es Salaam au Muscat. Bahasha hufunguliwa na karani ambaye hajapata kuambiwa msajili ni nani. Karani humpa mshika fedha. Mshika fedha huona jina la chama, huona tarehe, huona kiasi ambacho si kikubwa cha kuitishia kamati, naye hataki lawama ya kwamba tovuti ilifungwa mikononi mwake. Huandika hundi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefanya kazi vibaya.

Akishalipa, huwa nini? Mara nyingine jina huhama kweli. Siku hizi kuna kufuli mbili: msajili wako huliwekea jina kizuizi cha kuhama, tena huhitajika namba ya siri ambayo ni yako wewe kuitoa. Lakini anayeamini kwamba analipia upya jina lake ataombwa namba hiyo, naye ataitafuta na kuitoa kwa mkono wake. Jina likishahama, msajili mpya aweza kukataa kuliachia tena kabla ya siku 60 kupita. Na ikiwa barua pepe za chama au tovuti yenyewe zilikuwa zimehifadhiwa kwa msajili wa zamani pamoja na jina, huenda zikakatika siku hiyo, na mnunuzi wa Hamburg anayengoja bei akaandika asipate jibu.

Mara nyingine jina halihami, kwa kuwa kufuli ilishika, na hili huenda likawa baya zaidi. Fedha zimekwisha lipwa, mshika fedha ameweka alama katika daftari kwamba jina limelipiwa, halafu msajili wa kweli anapoleta ukumbusho wake, karani huutupa akisema, "Hili tulikwisha lipa." Hapo jina hufika tarehe yake likiwa halina mlipaji.

Vyombo vya sheria havikukaa kimya. Mwezi Desemba 2003 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Domain Registry of America katika mahakama, ikidai kwamba kampuni iliwafanya watu waamini muda wao unakwisha na kwamba wanalipia upya, wakati walikuwa wakihamishwa. Tena kwamba haikuwaeleza watu ingewakata ada hata kama uhamisho haukukamilika. Shauri lilikwisha kwa amri ya mahakama iliyokataza mwenendo huo, na kampuni ikatakiwa kuwafidia wateja waliofikia hata 50,000. Mwaka uliofuata, 2004, Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliiona na hatia ya kupotosha kampuni ya Domain Names Australia, ambayo barua zake zilikuwa na ufundi mwingine: zilimwandikia mwenye jina la .com.au habari za jina linalofanana na lake lenye mwisho mwingine, kwa sura ya ankara, naye akadhani ni lile lile lake.

Amri zile hazikuzima moto. Barua ziliendelea, na mwezi Julai 2014 ICANN yenyewe iliisimamisha kwa siku 90 kampuni ya Brandon Gray Internet Services ya Canada, msajili iliyohusishwa na barua hizo, isiandikishe majina mapya wala kupokea yanayohamia. Siku 90, baada ya miaka zaidi ya 10 ya malalamiko! Sisi twaona adhabu hiyo ilikuwa nyepesi mno.

Yafaa tuseme pia kwamba hofu ambayo barua hizi huchezea ina msingi. Mwezi Desemba 1999 kampuni kubwa ya Microsoft ilisahau kulipia jina la passport.com, ambalo lilitumika kuwafungulia watu barua pepe zao za Hotmail. Watu wengi wakafungiwa nje siku za Krismasi. Aliyeokoa jambo ni mtengenezaji programu mmoja wa Tennessee, asiye mfanyakazi wa Microsoft, aliyetambua kasoro iko wapi akalipa dola 35 kwa kadi yake mwenyewe. Ikiwa kampuni ya namna ile yaweza kusahau, chama cha wakulima kisione haya kuogopa kusahau.

Ila woga huo usizidi kipimo. Kwa kanuni za ICANN zilizoanza kutumika Agosti 2013, msajili lazima akukumbushe yapata mwezi mmoja kabla ya tarehe, tena yapata wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku 5 baada ya muda kwisha, na aghalabu hufanya hivyo kwa barua pepe. Jina la .com halifi siku ile ile. Kwa desturi msajili aweza kulishika hata siku 45, ingawa wengine hulifuta mapema, na likishafutwa huja siku 30 za kukomboa, ambazo ada yake huuma. Kwa hiyo hakuna bahasha ya jina la tovuti inayokutaka ulipe leo kabla ya jua kutua. Na wenye majina yanayoishia .tz wao hulipa kwa msajili aliyeidhinishwa kwa majina hayo, ambayo yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ofisi ya Canada au ya Nevada haina kazi nayo.

Tangu tarehe 25 Mei 2018, ilipoanza sheria ya Ulaya ya kulinda habari za watu, anwani nyingi zilifichwa katika daftari la WHOIS, na mwezi Januari 2025 ICANN iliwaondolea wasajili wajibu wa kuendesha WHOIS kwa majina kama .com, ikabaki njia mpya iitwayo RDAP. Chemchemi ya anwani ikapungua maji. Lakini orodha za zamani bado zipo, na chama ambacho anwani yake imeandikwa katika tovuti yake chenyewe kimekwisha jitangaza.

Kuna na ndugu zake barua hii. Iko inayodai zaidi ya dola 200 kwa "kuorodhesha" tovuti yako kwa mwaka, na ukiisoma vizuri wala haihusu jina. Iko barua pepe inayodai kwamba kampuni fulani ya Asia yataka kusajili jina lako huko, na wewe ndiwe unapewa nafasi ya kwanza, ati kwa wema tu. Tena anayepeleka maombi ya chapa yake ya biashara nje kupitia WIPO ya Geneva ajue kwamba chapa hutangazwa wazi, na baada ya hapo huja karatasi zenye nembo na mihuri zikidai ada ya kuandikwa katika vitabu visivyo na kazi. WIPO yenyewe imewaonya watu juu ya hizo. Wanachama wenye nia ya kuuza viungo vyao kwa chapa ya kwao wenyewe watazikuta siku moja.

Basi tunashauri kila mwenye tovuti afungue ukurasa mmoja katika daftari lake la hesabu na aandike jina la tovuti, msajili wake ni nani, tarehe ya kwisha muda, anwani ya barua pepe iliyotumika, na nani mwenye neno la siri. Asiyejua msajili wake aweza kutazama katika lookup.icann.org kwa majina kama .com na .org, bila malipo. Akikuta jina limeandikwa kwa jina la fundi badala ya lake, alishughulikie sasa wakati wako katika mapatano. Karani apewe amri moja tu: karatasi yoyote inayotaja jina la tovuti ilinganishwe na ukurasa huo, na ikiwa aliyeandika si msajili aliyetajwa pale, isiende kwa mshika fedha. Na malipo ya kweli yafanywe kwa kuingia katika tovuti ya msajili kwa anwani tuliyoiandika sisi, isiwe ile iliyochapwa katika barua.

Aliyekwisha lipa asikae na aibu. Aiarifu benki yake siku hiyo hiyo, kisha amwandikie msajili wake wa zamani kwamba hataki kuhama. Kwa kanuni za ICANN msajili huyo ana siku 5 za kumwuliza mwenyewe kabla ya kuliachia jina, na katika siku hizo neno la mwenyewe lina nguvu.

Mwanachama aliyepata barua ya namna hii na anaitilia shaka ailete ofisini pamoja na bahasha yake, au aipige picha amkabidhi katibu wa tawi lake. Jamaa walio ng'ambo na walioandikisha majina kwa anwani zao nao waelezwe habari hii, na simu ya Ijumaa baada ya sala yatosha.